Bolti Sugu na Malipo ya Fundi

Wasikilizaji wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi mlio kando ya Lualaba kule Nyangwe, mazungumzo ya leo yanahusu kiyoyozi cha gari na bolti zinazokataa kufunguka. Wako watakaosema hilo ni neno la garaji, si neno la redio. Lakini gari la kwetu si la mtu mmoja. Land Cruiser ya hospitali, ya parokia au ya mfanyabiashara hubeba mgonjwa leo, magunia ya mchele kesho, na jeneza siku isiyotazamiwa. Likilazwa chini ya mwembe kwa sababu ya bolti moja iliyokatikia ndani ya kompresa, wanaoumia ni wengi kuliko mwenye gari. Nami nasema hivi: bolti nyingi zinazokatika hapa hazikatiki kwa sababu chuma ni kibovu, wala kwa sababu mafundi wetu hawajui kazi. Zinakatika kwa sababu tumezoea kumlipa fundi kwa kitu alichokifungua, na hatumlipi kwa saa alizongoja kifunguke.

Tuanze na chanzo cha ukaidi wenyewe. Ganda la kompresa ni la alumini, na bolti zinazoishikilia kwenye injini ni za chuma. Metali hizi mbili zikigusana, na kati yao pakapenya maji yenye chumvichumvi za udongo, huzaa mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Inapoliwa huacha unga mweupe mgumu unaojaza uzi wa bolti. Upande wa chuma nako, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, kwa hiyo bolti huwa kama imevimba ndani ya tundu lake. Sasa tazameni barabara zetu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi jekundu huingia kila pembe ya injini. Mvua zikirudi, gari huzama kwenye matope hadi ekseli, na matope hayo hukaukia juu ya chuma chenye moto, kisha hulowa tena, kisha hukauka tena. Na injini zetu hudumu. Ile ya dizeli ya lita 4.2, inayojulikana kwa jina la 1HZ, iliyoanza kutoka mwaka 1990, hutembea miaka mingi sana kabla ya kudai kufunguliwa. Ndiyo sababu fundi wa Kasongo hukutana na bolti iliyofungwa kiwandani Japani na ambayo mkono wa mtu haujaigusa tangu siku ile.

Nyangwe yenyewe ina ushahidi wa upande wa pili. Mwanzoni mwa Novemba 1876 msafiri Stanley aliondoka Nyangwe kuufuata mto akiwa na mashua iitwayo Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza kwa vipande vitano ili iweze kubebwa na wapagazi, na wapagazi wale, wengi wao watu waliotoka Zanzibar na pwani, ndio walioifikisha hapa kwa mabega yao. Mwaka 1875 iliunganishwa ikazunguka Ziwa Victoria. Ikatenganishwa, ikabebwa, ikaunganishwa tena kulizunguka Ziwa Tanganyika katika mwaka 1876. Ikatenganishwa mara nyingine, ikavushwa Maniema yetu hii, ikaunganishwa kwenye Lualaba. Ilipoachwa Isangila mwaka 1877 ni kwa sababu msafara uliuacha mto na kushika njia ya miguu kwenda Boma. Nimekitaja chombo hiki kwa jambo moja: kiungo kinachofunguliwa mara kwa mara hubaki kinafunguka. Bolti ya kiyoyozi haina bahati hiyo. Hukaa imefungwa mpaka siku ya uharibifu, na siku hiyo tunaidai itii kwa dakika tano.

Nini hutokea tunapoilazimisha? Hapa tarakimu chache zitasaidia. Bolti ndogo inayobana bomba la gesi kwenye kompresa au kwenye kondensa, ile inayoshikwa na spana namba 10, hufungwa kwa nguvu ndogo mno: kama uzito wa kilo 10 ukivuta mpini wa sentimita 10. Hiyo tu inatosha kuzuia gesi isivuje. Fundi mwenye haraka huvika spana bomba la chuma la nusu mita na kulisukuma kwa nguvu ya kilo 40. Hesabu yake ni karibu mara 20 ya ile iliyoifunga bolti. Hakuna bolti ya namba 10 inayostahimili hivyo. Ama kichwa kinakatika, ama pembe zake zinalika na kuwa mviringo, ama, na hili ndilo baya kuliko yote, bolti inabaki salama na bomba la alumini lililo nyuma yake linajipinda na kupasuka. Hapo kazi iliyoanza kama pete ya mpira iliyochakaa, kitu kidogo kuliko pete ya kidoleni, imegeuka kuwa kutafuta bomba zima. Na bomba hilo haliko sokoni Kasongo. Litaagizwa Bukavu, au Lubumbashi, au litavushwa ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie. Likifika Kindu kwa ndege, bado kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara mnayoijua wenyewe. Fundi wa Dar es Salaam akikata bolti, anatuma kijana mtaa wa pili. Kwetu bolti iliyokatika huhesabiwa kwa majuma. Basi kama kuna mahali ambapo subira ni hesabu ya fedha kabla ya kuwa tabia njema, mahali hapo ni Maniema ya kusini.

Na kungoja ninakokutaja si kukaa bure. Ni kazi yenye hatua zake. Kwanza uchafu hukwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka uzi uonekane, maana mafuta hayapenyi udongo. Kisha hutiwa mafuta ya kupenya, yanaachwa, yanaongezwa, yanaachwa tena, usiku mzima ikibidi. Katikati ya kungoja, kichwa cha bolti hugongwa kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mepesi na mengi, kwa sababu mtikisiko huvunja ganda la kutu na kuyafungulia mafuta njia. Kisha spana huvikwa, na jaribio la kwanza liwe ni kukaza kidogo, si kufungua. Wengi hushangazwa na hili, lakini sababu yake ni nyepesi: kutu imezoea kusukumwa upande mmoja, na ukiigeuzia upande mwingine nyufa zinaanza. Bolti ikisogea hata kwa upana wa ukucha, inarudishwa, inatiwa mafuta, inasogezwa tena. Kwenda na kurudi huko kunaweza kuchukua saa nzima kwa bolti moja. Mtu anayepita njiani ataona fundi anacheza na spana. Anayejua ataona bomba linaokolewa.

Joto nalo ni msaidizi mkubwa, na sayansi yake ni ya kufurahisha. Alumini ikipata moto hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 8 kwenye ganda la kompresa, likipashwa joto liongezeke kwa sentigredi 100, litaizidi bolti yake kwa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo kuliko unywele, lakini kutu haihitaji zaidi ya hapo ili iachie. Nta ya mshumaa ikiguswa kwenye uzi wenye moto huyeyuka na kupenya mahali ambapo mafuta yalishindwa. Ila hapa nasimama kwa uzito wote, kwa sababu ni suala la uhai. Joto hili halitumiki hata kidogo wakati mfumo una gesi ndani. Gesi ya R134a, iliyoingia kwenye magari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikikutana na mwali wa moto huvunjika na kutoa sumu ya asidi inayochoma mapafu. Na gari likiwa limezimwa kivulini, joto likiwa sentigredi 30, gesi hiyo imeshinikizwa kwa karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Anayefungua kiungo akidhani kuna hewa tu anaweza kupigwa usoni na kimiminika kinachochemka kwa sentigredi 26 chini ya sifuri. Macho hayana kipuri, wala Kindu, wala Kinshasa.

Watu hunijibu kwamba katika mji ambao wengi wanatembea kwa miguu au kwa pikipiki, kiyoyozi ni anasa, na kwamba bolti hizo ziachwe zioze. Ninaielewa hoja hiyo, na kama kiyoyozi kingekuwa cha kupoza jasho la bwana mkubwa tu, ningekubaliana nayo. Lakini kiyoyozi hufanya kazi mbili. Hupoza hewa, na huikausha: mvuke hugeuka maji juu ya mabomba baridi yaliyo nyuma ya dashibodi na kutiririka nje. Usiku wa mvua kati ya Kasongo na Kabambare, watu wanane wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele hufunikwa na ukungu, na dereva hufuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku akishika usukani kwa mwingine. Kiyoyozi husafisha kioo hicho kwa dakika chache. Kiangazi nako, gari lenye mama mjamzito au mtoto mwenye nimonia linalazimika kuchagua kati ya kufunga madirisha na kuwachemsha, au kuyafungua na kuwalisha vumbi. Kwa gari la wagonjwa, kitu kinachoondoa uchaguzi huo si anasa.

Hoja ya pili ni ya wenye magari. Wanasema, kwa nini nimlipe mtu kwa kungoja? Akitia mafuta jioni na kurudi asubuhi, amelala kwake, hakufanya kazi. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu fedha ni chache na mwenye gari anaogopa kudanganywa. Na wadanganyifu wapo, hilo halifichiki. Lakini tuangalie utaratibu uliopo unamfundisha fundi nini. Analipwa bei moja kwa kompresa iliyotolewa, iwe imetoka kwa saa moja au kwa siku mbili. Akisubiri, siku ya pili ni hasara yake. Akivuta kwa nguvu na bolti ikakatika, atasema ilikuwa imeoza, na hakuna wa kumpinga. Tena atalipwa mara ya pili kuitoboa. Kwa hiyo subira inamtia hasara na haraka haimgharimu kitu. Hata fundi mwaminifu, mwenye watoto wanaongoja karo, ataelemewa na utaratibu kama huo. Tunamlaumu kwa mkono mzito wakati sisi ndio tulioutia uzito.

Mafundi nao wana hoja yao: hawana vifaa. Makopo ya mafuta ya kupenya ni ghali na hayapatikani kila siku, na soketi nyingi zilizoko sokoni ni laini kama risasi. Hili ni kweli, na wenye mashirika wanaoleta magari mapya wangefanya vema kuleta pamoja nayo sanduku moja la soketi za pembe sita, kwa sababu za pembe kumi na mbili hushika bolti kwa ncha tu na hulika haraka. Lakini upungufu wa vifaa ni sababu nyingine ya kungoja, si sababu ya kuharakisha. Mazutu ya kawaida hupenya kutu, polepole. Yakichanganywa na mafuta ya usukani hupenya vizuri zaidi. Yanachohitaji ni muda, na muda ndicho kifaa pekee ambacho Kasongo haikuagiza kutoka nje. Jambo jingine ni vipimo. Spana za zamani za inchi bado zinazunguka. Ile ya nusu inchi hukaa juu ya bolti ya milimita 12 ikiwa na uwazi wa milimita 0.7, na uwazi huo ndio unaokula pembe. Kwenye bolti laini inafungua. Kwenye bolti sugu inaiua kabla mapambano hayajaanza. Fundi asiyekuwa na spana sahihi aazime kwa mwenzake wa mtaa wa pili. Ni aibu ndogo kuliko bolti iliyolika kichwa.

Kuna pia wale wanaotengeneza nyumbani wenyewe: mwalimu mwenye gari moja, dereva aliyeachiwa gari la kazi mwisho wa juma. Kwao nina neno la kuwatia moyo pamoja na neno la kuwazuia. La kuwatia moyo ni kwamba kiwanja cha nyumba ndipo mahali bora pa bolti sugu, kwa kuwa hakuna foleni ya magari mengine wala mteja anayesimama nyuma yako. La kuwazuia ni kuhusu gesi. Kazi nyingi za kiyoyozi hazihitaji kuufungua mfumo kabisa, na mtu wa nyumbani angeanzia hapo: fyuzi, mkanda uliolegea, feni isiyozunguka, kondensa iliyozibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta, ambayo huoshwa kwa maji ya shinikizo dogo na brashi laini. Ni ajabu ni kompresa ngapi zimepigiwa nyundo wakati ugonjwa ulikuwa tope mbele ya redieta. Ikibainika kwamba gesi inavuja, na alama yake mara nyingi ni doa la mafuta lenye vumbi kwenye kiungo, basi mwenye vifaa vya kuivuta gesi ndiye aitwe. Wako wanaoifungulia hewani wakisema angani ni pakubwa. Kilo moja ya R134a hulipasha joto anga kama kilo 1,430 za hewa ukaa katika muda wa miaka 100, na ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, jirani yetu, Oktoba 2016, yakapatana kuzipunguza gesi za aina hiyo. Mkulima wa Maniema anayeona mvua zikibadilika majira yake ana haki ya kudai hata kilo hiyo moja isimwagwe.

Mwingine atasema, na ni hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwamba kuna bolti ambazo subira haiwezi. Umengoja siku mbili, umetia mafuta, umepasha moto, na bado. Kweli, zipo. Hata hapo subira haikupotea, kwa sababu imekupa nafasi ya kuchagua mahali pa kukata. Bolti inayokatwa kwa msumeno kichwani, kwa makusudi, huacha kipande kirefu kinachoweza kushikwa kwa koleo au kuchomelewa nati juu yake; na joto la kuchomelea huilegeza kutoka ndani, hata nyingi kisha hutoka kwa urahisi. Mchomeleaji afanye hivyo kompresa ikiwa mezani, mbali na mabomba; ikiwa bado iko kwenye gari, waya za betri ziwe zimeondolewa. Bolti iliyokatika yenyewe kwa nguvu hukatikia ndani, usawa wa ganda au chini yake, na kuitoboa katikati bila kuharibu uzi wa alumini ni kazi ya mkono wa nadra. Nao viungo vya mabomba vyenye nati mbili kila mara hushikwa kwa spana mbili, moja ikizuia na moja ikizungusha. Bomba la alumini lililozungushwa pamoja na nati yake hujikunja kama kamba, na halinyooki tena.

Basi napendekeza mapatano, yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, kabla spana haijaguswa. Fundi aoneshe bolti zote zitakazofunguliwa, na zile zenye kutu zitajwe moja moja mbele ya mwenye gari. Kwa kila bolti iliyotajwa, kuwe na malipo kidogo ya siku ya kungoja, na yahesabiwe tu ikiwa bolti imetoka nzima. Ikikatika baada ya siku mbili za mafuta na joto, hasara iwe ya mwenye gari, kwa kuwa kutu ilikuwa yake. Ikikatika saa ya kwanza chini ya bomba la nusu mita, hasara iwe ya fundi. Wakati wa kurudisha, kila uzi upakwe grisi ya shaba au hata grisi ya kawaida, lakini isiguse pete za mpira za mfumo. Pete hizo ziwe mpya na zilainishwe kwa mafuta ya kompresa peke yake, midomo ya mabomba izibwe muda wote kwa sababu mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na chupa ya kukaushia ibadilishwe. Grisi ile ya kwenye uzi ni ya fundi atakayekuja miaka kumi ijayo, na pengine atakuwa mtu mwingine kabisa. Hospitali na parokia ndizo zingeanza, kwa kuwa nyingi zina gari zaidi ya moja na zinaweza kuliacha moja lilale siku mbili bila mgonjwa kukosa usafiri. Zikianza kulipa namna hii, wafanyabiashara wa Kasongo watauliza kwa nini kompresa za hospitali hutoka nzima, na mafundi watakuwa na jibu lenye bei juu yake.